Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Mdachi

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mdachi mmoja, Mjerumani mkulima wa kahawa, aliyeondoka Mbozi wakati wa vita vya kwanza akaacha hata birika juu ya meko. Hivyo ndivyo watu walivyosimulia. Mimi birika sikulikuta. Nilikuta popo, nyuki ndani ya dohani, na mpera ulioota katikati ya sebule ukachomoza kichwa pale paa lilipoporomoka. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba mtu aliweza kuketi dirishani akanyoosha miguu. Majirani walipita mbali nayo wakisema ina pepo. Nilipohamia niligundua kwamba pepo ni bundi mmoja, na yeye ndiye aliyenikimbia mimi.

Miaka michache baada ya vita vya pili misheni ilifungua chuo cha ualimu kwenye kilima cha jirani, na kando yake shule ya wasichana yenye bweni. Wazazi wakaanza kuja kuwaona watoto wao. Wengine walitembea kwa miguu siku mbili au tatu kutoka Msangano na Kamsamba, wengine walidandia lori kutoka Tunduma, na wakifika hapakuwa na pa kulala. Walilala kanisani juu ya mabenchi, na asubuhi mchungaji alikuta maganda ya karanga chini ya mimbari. Mchungaji alikuwa Mzungu mrefu aliyependa usafi kuliko alivyopenda watu. Akaamua nyumba ya Mdachi itengenezwe iwe ya wageni, akatafuta mtu wa kuisimamia. Mimi nilikuwa dobi wa misheni, mjane, sina mtoto mgongoni wala mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa. Akanipa mimi.

Sikukubali kwa ajili ya mabenchi yake. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mwanzo wa mwaka binti yangu angeletwa kusoma shule ile, na nilitaka alale chini ya paa langu, hata kama ni siku moja.

Hapo inabidi nieleze, maana mtu atauliza mtoto wangu alikuwa wapi. Niliolewa Undali, milimani huko upande wa Itumba, na mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini. Alikufa kwa homa binti yetu akiwa na miaka minne. Baada ya matanga wazee wakasema nirithiwe na shemeji, ambaye tayari alikuwa na wake wawili na aliyenuka pombe tangu asubuhi. Nikakataa. Wakaniambia basi nenda, lakini mtoto anabaki, kwa kuwa ng'ombe walikwisha kutolewa na mtoto ni wa ukoo. Aliyekata shauri hilo alikuwa baba mkwe wangu. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa na sikuwa na kaka wa kunisemea. Niliondoka na kanga mbili na sufuria.

Nilimchukia mzee yule kwa miaka tisa, na jambo la ajabu ni kwamba sikuwahi kumwona uso. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye majani na kujifunika kichwa mpaka apite. Wala hakai naye chini ya paa moja, wala hapiti mlango anaopita yeye. Hiyo ndiyo heshima, na mwanamke asiyeifuata anaonekana hakulelewa. Kwa hiyo nilimjua mkwe wangu kwa kikohozi chake kikavu na kwa mlio wa fimbo yake kwenye mawe. Chakula chake nilikipika kwa miaka sita na watoto wakampelekea.

Kazi ya nyumba ilianza baada ya mavuno. Nilipewa fundi mmoja, Mnyiha mzee wa maneno machache, ambaye alikuwa na tabia ya kugonga kila tofali kwa kucha kabla ya kulitumia, na lisipolia vizuri analitupa. Mwanzoni tabia hiyo ilinichosha. Tulikata mpera. Tuliwafukiza nyuki, tukapata debe zima la asali na nikavimba jicho kwa siku tano. Tulipaka chokaa, tukaezeka bati, na sakafu za vyumba nikazisiriba mwenyewe kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikiwa nimepiga magoti kuanzia asubuhi, maana nilitaka ziwe laini mtu akikanyaga na miguu mitupu. Vitanda tulivifuma kwa kamba za ngozi. Magodoro nilishona kwa magunia nikayajaza maganda ya mahindi. Godoro moja nilijaza mara mbili na kuliweka chumba cha kwanza, chenye dirisha la asubuhi. Fundi hakuniuliza ni la nani.

Nilifanya kazi ile peke yangu jioni nyingi baada ya fundi kuondoka. Nilikuwa naongea na kuta. Sioni haya kulisema. Mtu akikaa peke yake miaka tisa, sauti yake mwenyewe inaanza kumshtua, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kukohoa makusudi ili nisikie kama bado niko.

Nyumba ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa mzima, wa mninga, mzito, unafunguka kwenye ujia mrefu uliopita katikati na vyumba kushoto na kulia. Wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa, umebaki fremu tu, na upepo wa Mbozi ulipita humo ukavuma hadi sebuleni. Nikamwambia fundi auzibe. Aliweka mwiko chini, akaniuliza kama wageni wote watapita mlango mmoja. Nikamjibu kwamba Wazungu wanapita mlango mmoja na hawajafa. Akauchukua mwiko wake akaziba, tofali kwa tofali, akigonga kila moja kwa kucha.

Wageni wa kwanza walikuja Desemba, wakati wanachuo wanamaliza mitihani. Mama mmoja mnene kutoka Msangano alikuja kumchukua mwanawe, nikampa chumba, akasifu sakafu yangu, nikafurahi. Alasiri akaja mwanamume kutoka Tunduma, mfanyabiashara aliyechanganya Kiswahili na Kibemba, amekuja kumwona mdogo wake. Nikamwambia karibu, pita ndani. Akaingia kwenye ujia wakati ule ule mama anatoka chumbani. Kumbe ni mkwe wake, ameoa binti yake, na heshima ile inamfunga mama mkwe na mkwewe vile vile. Mama alijifunika kichwa akarudi ndani. Mwanamume akageuka akatazama ukuta, hatoki, haendi mbele, maana hajui mama amesimama wapi. Mama naye akaona njia iliyobaki ni dirisha. Lile dirisha nililolisifu kwa watu wote kwa upana wake halikuwa na upana wa kutosha. Mimi na fundi tulimvuta kutoka nje, na naomba radhi, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilicheka peke yangu. Mama alienda kulala kanisani, mwanamume akaenda kulala kwa dereva wa lori, na habari zikasambaa haraka kwamba nyumba ya Mdachi imetengenezwa vizuri sana ila ni mtego wa wakwe. Watu wa huku wameoleana kutoka Itumba hadi ng'ambo ya mpaka, na hakuna anayeweza kujua nani atatokea kwenye ujia. Kwa wiki tatu nyumba ilikuwa safi na tupu. Nilifagia vyumba ambavyo havikuwa vimechafuka. Fundi aliporudi kurekebisha ngazi ya mbele hakusema lolote kuhusu mlango, na kimya chake kiliniudhi kuliko kama angenisema. Nikamwambia sibomoi ukuta niliojenga juzi. Akasema hajaniambia nibomoe.

Nimejiuliza mara nyingi, mimi Mndali niliyejificha kwenye majani miaka sita, nilisahau vipi jambo ambalo mtoto mdogo analijua. Jibu halinipendezi. Nilikuwa nimekaa miaka tisa bila mtu hata mmoja wa kumkwepa. Ukiwa na ndugu unajifunza nani apite wapi na nani aketi wapi, na kichwa chako kimejaa mambo hayo saa zote. Mimi kichwa changu kilikuwa kitupu. Nilijenga nyumba ya mtu asiye na watu.

Siku ya kufungua shule nilipika wali wa mchele wa Kamsamba na kuku. Nilibadilisha shuka la chumba cha kwanza mara mbili. Nilijua binti hawezi kuletwa na mtu mwingine ila babu yake, lakini nilijipa moyo kwamba pengine atamtuma shangazi, au kijana wa ukoo. Saa tisa hivi nikasikia barabarani kikohozi kikavu, na fimbo kwenye mawe.

Mwili ulinigeuka kabla sijafikiri. Nilijikuta nyuma ya mlango wa mninga, kanga kichwani, kama bibi harusi wa juzi. Fundi alikuwa nje kwenye ngazi yake. Nilisikia mzee anamwuliza nyumba hii inatunzwa na nani, na fundi akamwambia. Baadaye fundi akasogea mlangoni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mzee anauliza kama kuna mlango mwingine.

Nikasema hakuna.

Kupitia ufa kwenye bawaba niliona sanduku la bati juu ya kichwa cha msichana, na miguu yake. Miguu mikubwa, ya marehemu mume wangu kabisa. Miguu ikageuka ikamfuata babu kuelekea kanisani. Msichana hakutazama nyuma, kwa nini atazame, hakuambiwa kwamba kuna wali.

Nilipoacha kulia nilichukua nyundo ya fundi nikaenda nyuma. Nilipiga ukuta ule mpaka giza lilipoingia, nikapasua viganja, nikamtukana Mdachi na mchungaji na mchwa, wote kwa zamu, kisha nikajitukana mimi. Kesho yake fundi alikuta tundu ambalo ng'ombe angeweza kupita. Akaanza kuokota matofali mazima akiyapanga kando. Kwa matofali hayo hayo tulijenga ukuta kukatiza ujia katikati, kutoka sakafu hadi dari, na pale penye tundu akaweka mlango mpya. Nyumba ikawa mbili chini ya bati moja, kila upande na mlango wake, meko yake na njia yake ya chooni. Kwa heshima zetu hiyo ni nyumba mbili, na mzee yeyote angekubali. Wageni wakaanza kuja. Niliwauliza kwanza wana wakwe gani njiani, ndipo niwaonyeshe mlango.

Binti yangu nilimwona kanisani Jumapili, mstari wa tatu wa wasichana. Mara mbili nilienda siku ya kutembelewa na kikapu cha karanga na maandazi. Alijua mimi ni nani, walikuwa wamemwambia. Alisema shikamoo mama, kama anavyosema kwa kila mwanamke, akaketi mikono juu ya mapaja. Nilimwuliza kuhusu hesabu, akasema nzuri. Nilimwuliza kuhusu baridi, akasema si mbaya. Alikula karanga tatu, nne, kwa adabu, akanishukuru. Kengele ilipolia alisimama haraka mno. Nilirudi na kikapu na nikajiambia kwamba hajanizoea tu, akikaa nami wiki moja atanizoea. Kilichokosekana ni siku, na siku zilikuwa mikononi mwa mzee.

Mwezi wa sita, kwenye baridi kali, shule ikafungwa, na mzee akaja kumchukua. Safari hii alikuwa ameambiwa. Nilisikia fimbo ikizunguka nyumba, nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, na kikohozi kikaingia upande wa pili wa ukuta. Nilisimama jikoni nikiwa nimeshika mwiko, na sikukumbuka nilichotaka kukoroga. Binti akatoka bwenini na sanduku lake, akaja upande wangu, na jioni ile akawa mjumbe wetu.

Ndivyo ilivyofanyika. Niliposema neno, binti alitoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba kupitia mibuni ya zamani ya Mdachi, akaingia mlango wa nyuma, akalifikisha. Kisha akazunguka tena na jibu. Mzee alinisalimu. Nikamsalimu. Aliuliza afya yangu, nikauliza ya ng'ombe. Nilimpelekea kuku na ugali wa ulezi, akarudisha neno kwamba mkono wangu haujabadilika. Miaka sita nilimpikia na hakuwahi kutuma neno kama hilo.

Nikaona huu ndio wakati. Nilimshika binti bega, mara ya kwanza kumshika tangu alipokuwa na miaka minne, nikamwambia, "Mwambie babu naomba ubaki kwangu likizo hii. Wiki nne tu. Shule ikifunguliwa uko hapa hapa."

Akanitazama. Akatoka. Nilihesabu hatua zake zikizunguka, nikasikia mlango, kisha sauti zao chini chini nyuma ya ukuta, bila maneno kusikika. Zilichukua muda. Zilinyamaza, zikaanza tena. Alirudi akasimama karibu na mlango, macho sakafuni.

"Babu amesema hapana."

Sikuuliza sababu. Nilisema sawa, nikamtandikia chumba cha kwanza, kwenye lile godoro la maganda mara mbili. Akasema babu ana kikohozi na ni afadhali alale karibu naye. Akachukua blanketi na sanduku lake akazunguka nyumba.

Nilimlaani mzee yule kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilikumbuka kila fimbo, kila kikohozi, kila sahani niliyosafisha. Nilisema moyoni kwamba amekuja na maneno matamu kuhusu kuku ili anipige vizuri. Asubuhi nilipika uji na makusudi sikuutia maziwa, nikaumwaga kwenye chombo kibovu, nikauacha kwenye kizingiti cha nyuma kabla hawajafungua. Nikarudi upande wangu nikaketi chini, mgongo ukiwa kwenye ukuta wa ujia, nikiwasubiri waondoke ili nianze kufagia.

Nikasikia fimbo inasogea mpaka karibu. Mzee akasimama upande wa pili, karibu sana, nikasikia pumzi yake ikikwaruza. Kwetu, mtu mzima akiwa na neno zito na hana ruhusa ya kusema na mtu, anaweza kukiambia kitu kilichopo karibu, jiwe au mti, na anayehusika akasikia. Akauambia ukuta, kwa Kindali chetu, taratibu.

"We ukuta, mimi nilimwambia mtoto abaki. Nilisema likizo hii, na zingine akitaka. Nimezeeka, na jambo lile la zamani linanisumbua. Mama yake amejibu kwamba hana nafasi naye. Simlaumu. Ila ajue nilikuwa nimekubali."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilidhani kwanza mzee amechanganyikiwa. Kisha nikasikia, nyuma ya pumzi yake, mtu mwingine amesimama bila kusogea, na sanduku la bati likilia kidogo mkononi mwake.

Aliyabeba maneno yangu hadi kwenye mibuni ya Mdachi, akayaacha huko, akampelekea babu yake mengine. Na ya babu yake akayaacha huko pia. Msichana wa miaka kumi na tatu, na hakuna mwingine kati yetu aliyeweza kumkagua. Alitaka kwenda nyumbani, basi. Nyumbani kwake ni Undali, kwenye kikohozi kile, na mimi nilikuwa mwanamke wa karanga.

Ningesema neno moja la kweli, angebaki. Mzee angemwacha hapo hapo, na angemwacha baada ya kumchapa fimbo, maana uongo baina ya wakwe si mchezo wa watoto. Ningempata. Angekaa wiki nne kwenye chumba chenye dirisha la asubuhi, amedhalilika mbele ya babu yake, mtu pekee ambaye yeye anampenda, na aliyemdhalilisha ningekuwa mimi. Nilitaka kulisema. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Sidai kwamba nilikuwa mwema asubuhi ile. Nilikuwa na njaa naye.

Sanduku likalia tena kidogo.

Nikaweka kiganja kwenye matofali, nikasema kwa sauti iliyotosha kupita, "We ukuta, mwambie ni kweli. Nyumba ya wageni ina kazi nyingi. Sina nafasi ya mtoto."

Akakohoa, akashusha pumzi, fimbo ikatoka nje na miguu ile mikubwa ikaifuata, haraka haraka. Mzee alikufa kabla ya mvua za mwaka ule. Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kumwambia mkwe wangu kwa mdomo wangu, na yalikuwa uongo.